Faida na Hatari za Mji wa Mpakani: Habari za Mazinde, Korogwe na Handeni

Tukiulizwa, Kwa nini mji huu ni tajiri na ule ni maskini? wengi wetu twajibu upesi, Ni kwa ajili ya ardhi: huku udongo ni mweusi na mvua ni nyingi, kule ni changarawe na jua. Jibu hili si la uongo, walakini halitoshi. Maana iko miji ambayo ardhi yake haishindi ardhi ya jirani zake, wala haina dhahabu wala pembe, na juu ya hayo ilisitawi kwa sababu moja: imekaa mpakani, mahali ambapo nchi mbili zakutana, na watu wa huku wahitaji vitu vya watu wa kule.

Mfano mmoja twaujua sote tangu utoto wetu, ila pengine hatukuufikiri kwa njia hii. Kapernaumu ulikuwa mji wa wavuvi kando ya ziwa la Galilaya. Haukuwa mji mkuu wa mfalme. Basi kwa nini palikuwa na forodha, na Mathayo akaketi hapo kutoza ushuru? Sababu ni kwamba mji ule ulikuwa karibu na mpaka wa nchi ya Herode na nchi ya Filipo ndugu yake, na bidhaa zilizovuka zilipita hapo. Palipo na mpaka pana njia. Palipo na njia pana soko. Na palipo na soko hakosi kuwapo mtu mwenye meza na mizani.

Leo twataka kuwaeleza habari za mipaka ya kwetu, katika nchi ya Korogwe na Handeni. Twataka kuonyesha faida gani mji wa mpakani hupata, na kwa nini mji mmoja uliopata faida hizo zote uliharibika, na mwingine ukainuka mahali pake. Neno letu ni moja, nalo tutalithibitisha kwa habari za kale: mji wa mpakani hula kwa mikono miwili, na mkono mmoja ukikatwa, mji wenyewe hufa njaa.

Kwanza tuitazame nchi ilivyo. Mtu akisimama Korogwe, upande wa kaskazini aiona milima ya Usambara. Upande wa mashariki ni Bonde, nchi ya Wabondei, hata kufika Muheza na Tanga. Akivuka mto kwenda kusini aingia Uzigua, nchi ya Handeni, na mbele yake ni milima ya Nguu. Upande wa magharibi ni nyika pana, malisho ya Wamasai na ng'ombe zao. Na katikati ya hayo yote wapita mto mmoja, ambao watu wa bara huuita Luvu na watu wa pwani huuita Pangani, ukitoka pande za Kilima Njaro mpaka baharini. Basi hapa si mpaka mmoja, bali ni mipaka mitatu au minne iliyokutana pamoja.

Wasambaa wa kale waligawa dunia yao sehemu mbili. Nchi ya juu, yenye baridi na mvua, waliiita Shambaai. Nchi ya chini, yenye joto na miiba, waliiita nyika. Kwao haya hayakuwa majina matupu. Shambaai palikuwa na migomba, na tumbaku, na maharage. Nyikani palikuwa na nyama, na ng'ombe na mbuzi, na asali, na nafaka ya mashamba ya chini. Tena mvua za juu na mvua za chini hazikuwa sawa. Mwaka ambao nyika ilikauka, pengine mlimani palikuwa na chakula. Na mahindi ya chini yalipoiva, pengine mlimani walikuwa bado kungoja. Kwa hiyo magulio yalikuwa chini ya milima, mahali ambapo mtu wa juu aweza kushuka na kurudi, na mtu wa nyika aweza kufika bila kuogopa baridi na njia za mteremko.

Hata ufalme wenyewe wa Usambara, kwa habari walizopokea wazee, ulianza kwa mabadilishano ya namna hii. Wanasimulia ya kuwa Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, upande wa Handeni na Kilindi ya sasa. Alipofika Usambara aliwapa wenyeji nyama ya nguruwe-mwitu, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Mwisho wakampenda wakamfanya mfalme, na wazao wake wakaitwa Wakilindi. Habari hizi ziliandikwa na Sheikh Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika kitabu chake, Habari za Wakilindi, ambacho kilipigwa chapa katika mtambo wa misioni ya Magila. Watu hupenda hadithi hii kwa sababu ya ushujaa wa Mbegha na simba. Sisi twaitazama kwa jicho la mfanya biashara, nasi twaona jambo jingine: mtu wa nyika alileta nyama mahali pasipo na nyama, akapokea chakula mahali penye chakula tele, na pande zote mbili zikashiba.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mahali pa mpakani: kitu kile kile kina bei mbili. Mkungu wa ndizi kule juu, ambako kila mtu ana migomba yake, si kitu. Ukishushwa mpaka chini, ambako mtoto hajauona tangu mwezi uliopita, ni kitu cha thamani. Ndizi haikubadilika, bali mahali palibadilika. Mtu akaaye mpakani hana safari ndefu. Aliyepanda mlima na aliyetoka nyikani wote wanamjia mlangoni pake.

Faida ya pili ni chakula cha wasafiri. Hapo kale misafara ya Pangani ilipanda kwa kufuata bonde la mto, ikipita chini ya Usambara na Upare, ikaenda mpaka Uchaga na Umasai kutafuta pembe. Ilichukua nguo za merikani na kaniki, na shanga, na nyaya za shaba. Msafara mkubwa una wapagazi wengi, na kila mmoja atakula leo na kesho, naye mgongoni amebeba mzigo wa tajiri wala si unga wake. Basi mji ulio mwisho wa nchi ya mashamba, kabla ya nyika kavu, uliuza mahindi na ndizi na maharage kwa bei nzuri, na mkulima asiyefika pwani maisha yake akavaa nguo ya pwani.

Faida ya tatu ni habari. Mtu wa mpakani huwa wa kwanza kusikia ya kuwa pembe zimepanda bei Unguja, au kwamba mvua imekosa Upare. Naye ajuaye bei ya kesho humshinda yule ajuaye bei ya jana.

Faida ya nne ni lugha na ujamaa. Katika mji wa mpakani mtoto hukua akisikia Kisambaa kwa mama yake, na Kizigua kwa jirani, na Kiswahili kwa mgeni. Huoa huku, akawa na shemeji kule. Na mkopo wa kale haukuwa na karatasi wala benki; ulisimama juu ya undugu, na utani, na uchale. Mwenye ndugu pande mbili alikopeshwa pande mbili.

Wazee wetu wa mtoni waliyajua hayo. Waruvu walijenga vijiji vyao juu ya visiwa vya mto, maji yakiwa boma lao pande zote, na watu wakavuka kwa madaraja ya magogo. Adui hakuweza kuwaingilia kwa ghafula, na mwenye kutaka kuvuka kutoka Usambara kwenda Uzigua ilimpasa kupatana nao. Kisiwa katikati ya mto ni mpaka wenyewe uliogeuka kuwa mji.

Walakini faida hizi zote zahitaji kitu kimoja ambacho hakiuzwi sokoni, nacho ni amani. Na hapa twafika kwenye habari za Kimweri za Nyumbai.

Kimweri huyu alitawala Usambara miaka mingi, akikaa Vugha, na uwezo wake ulishuka mpaka Bonde na kukaribia bahari. Mwaka wa 1848 Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa karibu na Mombasa, alifika kwake Vugha, na mwaka wa 1852 akamjia mara ya pili kwa njia ya Pangani. Kule pwani Seyyid wa Unguja alikuwa na maliwali wake, na Kimweri naye alikuwa na neno lake juu ya madiwani. Basi mpaka wa wakuu hawa wawili haukuwa mstari mmoja kama ukuta. Ulikuwa nchi ambayo wote wawili walijulikana na kuheshimiwa. Seyyid aliweka askari Wabulushi Chogwe na Tongwe, lakini msafiri aliyetoka pwani kwenda mlimani aliweza kwenda na kurudi.

Mwaka wa 1857 Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo, wakapanda mpaka Vugha. Hawakuingizwa ndani ya mji wenyewe. Walipewa malazi nje, kwa kuwa Vugha ulikuwa mji wa mfalme, na wageni hawakulala ndani yake. Tuliweke jambo hili moyoni. Vugha ulikuwa mji wa kutawala, nao ulifunga mlango. Mji wa biashara hauwezi kufunga mlango. Kwa hiyo Wakilindi walihitaji mahali pengine pa kukutana na wageni, chini ya mlima, ukingoni mwa nyika. Mahali palipokuwa maarufu kuliko pote ni Mazinde.

Mazinde ni chini ya milima, mbele kidogo ya Mombo kwa mtu aendaye Upare. Misafara ilipita hapo. Aliyekaa hapo ni Semboja, mwana wa Kimweri. Baba yake alitazama nchi kutoka juu, naye mwana aliitazama njia kutoka chini. Semboja alizoea desturi za watu wa pwani, akafanya urafiki na wafanya biashara, na faida zote nne tulizozitaja zikawa mkononi mwake: bei mbili, wasafiri wenye njaa, habari za mbele na nyuma, na marafiki wa kila kabila. Zaidi ya hayo alipata kitu kingine kilichopita njiani, nacho ni bunduki na baruti.

Kimweri akafariki mwaka wa 1862. Ufalme ukapewa mjukuu wake, Shekulwavu, kijana, akakaa Vugha kwa heshima zote za kale. Walakini nguvu ilikuwa imekwisha kushuka mlima. Mfalme wa juu alikuwa na ngoma na kiti na sheria. Mtu wa chini alikuwa na bunduki. Vita vikawaka, na hata miaka ya 1860 ilipokaribia mwisho Vugha ulichukuliwa, Shekulwavu akafukuzwa, na Wabondei nao wakaasi utawala wa Wakilindi. Semboja aliposhinda angeweza kupanda akae Vugha kama baba yake. Hakufanya hivyo. Alimweka mwanawe juu, naye mwenyewe akakaa Mazinde, kwa maana alijua mali inapita wapi.

Mpaka hapa mtu aweza kusema, Tazama jinsi mji wa mpakani ulivyoshinda mji wa mfalme! Ni kweli. Lakini tuulize, bunduki zile zililipwa kwa kitu gani? Tembo wa karibu walikuwa wamepungua. Ndizi na tumbaku haziwezi kununua baruti nyingi. Basi ziliuzwa roho za watu. Mwenye bunduki alimkamata asiye na bunduki, akamwuza, akanunua bunduki nyingine, akakamata tena. Mwaka wa 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja na kukataza wasichukuliwe baharini. Lakini jambo lililozoewa kwa miaka mingi halikukoma siku moja, na nchi kavu liliendelea kwa siri.

Yaliyofuata yalipasa kufuata. Mtu wa mlimani akaogopa kushuka gulioni, asije akakamatwa yeye pamoja na mzigo wake. Mtu wa nyika akaogopa kupanda. Vijiji vikahama njia na kujificha porini nyuma ya maboma. Mji wa mpakani ulikuwa ukila kwa mikono miwili. Sasa ukaanza kuila mikono yenyewe. Semboja alifariki mwaka wa 1895, nchi ikiwa imekwisha kutwaliwa na Wadachi. Wazee walinena, Tamaa mbele, mauti nyuma.

Wala tusidhani ya kuwa msiba huu ulikuwa wa Usambara tu. Uzigua uliupata kabla yake, katika mpaka mwingine, mpaka wa nchi kavu na bahari. Katika miaka ya 1830 palikuwa na njaa kuu Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, nao hawakuwa na kitu cha kutoa. Hapo upande mmoja wa soko ulikuwa na nafaka na majahazi, na upande wa pili ulikuwa na njaa peke yake. Wengi wakaingia majahazini, na wazao wao husimulia mpaka leo ya kuwa waliahidiwa kazi na chakula, kiisha warudi kwao. Walipelekwa Somalia, wakauzwa. Baadaye wengi wakatoroka, wakafanya makao yao katika misitu ya mto Juba, nao hawakuisahau lugha yao. Vita vilipoivunja Somalia, tangu mwaka wa 1991, baadhi ya wazao hao walikimbia, wakaja Tanzania, wakakaa Chogo katika wilaya ya Handeni, na wengi wao wakapewa uraia. Walirudi katika nchi ya babu zao wakisema Kizigua, baada ya zaidi ya miaka mia na hamsini.

Kila tukiifikiri habari hii twajifunza ya kuwa mpaka si baraka kwa nafsi yake. Mpaka ni mizani. Wenye kukutana wakiwa wote wana kitu, wote hupata faida; mmoja akija mikono mitupu, mizani humwangukia.

Sasa tuje kwenye mambo ya reli. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mpaka mpya, wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, kupita ziwa Jipe na kuzunguka Kilima Njaro upande wa kaskazini, mpaka ziwa kuu la Nyanza. Wadigo na Wasegeju wakajikuta wako pande mbili bila kuhama nyumba zao. Mwaka wa 1893 Wadachi wakaanza kujenga reli kutoka Tanga. Kazi ilikwenda polepole, fedha zikapungua, lakini mwaka wa 1902 reli ilifika Korogwe, mwaka wa 1905 ikafika Mombo, na mwaka wa 1911 ikafika Moshi.

Reli iligeuza mambo yote. Misafara ya wapagazi ya Pangani ikakoma. Njia ya kale ilianzia Pangani. Njia mpya ilianzia Tanga. Mji wa Pangani, uliokuwa mlango wa bara, ukabaki na misikiti yake na nyumba zake za mawe. Mazinde haukuwa tena mahali ambapo kila mtu lazima apumzike, maana gari la moshi halipumziki kwa sababu ya njaa ya wapagazi. Korogwe, mahali pa kuvuka mto kwenda Uzigua, pakawa na stesheni. Mahindi ya Handeni, na ng'ombe, na asali na nta, viliweza kufika Korogwe na kupakiwa. Basi faida ya mpakani haikufa. Ilihama tu mahali pake.

Tena ulikuja mkonge. Mwaka wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani, ikasalia 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana na hiyo mkonge ukaenea katika nchi nzima. Kandokando ya reli mashamba yalifunguliwa, Magunga, Ngombezi, Kwamdulu, na Mazinde pia, mahali pale pale pa Semboja. Watu wa makabila ya mbali walikuja kufanya kazi, na wengi hawakurudi kwao. Mkulima wa Uzigua aliyekuwa na mahindi hakukosa mnunuzi. Katika miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, kuliko nchi yoyote duniani. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakaingia magugu, na maduka yaliyotegemea mshahara wa mkonge yakafungwa. Haya nayo ni mafundisho: mji wenye mnunuzi mmoja ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Na Handeni je? Reli haikupita Handeni, na kwa hiyo mji ule ulibaki mwisho wa njia badala ya kuwa katikati yake. Mara moja tu, wakati wa vita vikuu vya kwanza, Wadachi walitandika reli ndogo ya matoroli kutoka Mombo mpaka Handeni, ikisukumwa kwa mikono ya watu, wapate kuhamisha mizigo yao kuelekea Reli ya Kati. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yakaitwaa Korogwe, na baadaye kidogo Handeni. Reli ile ilikuwa njia ya vita, nayo ilikwisha pamoja na vita. Mwaka wa 1963 reli ya Tanga iliungwa na Reli ya Kati, kutoka Mnyusi mpaka Ruvu. Halafu treni za abiria zikakoma kwa miaka mingi, hata zikarudi mwezi wa Desemba 2019. Wakati huo wote barabara ilikuwa imekwisha kuchukua kazi ya reli. Sasa mabasi ya Arusha na Moshi yanayokwenda Dar es Salaam hupita Korogwe na Segera, na njia ya Handeni nayo ina lami.

Kabla hatujamaliza, tutazame mpaka wa serikali, ule wa mwaka wa 1886, maana ndio uonyeshao neno letu kwa dhahiri kuliko yote. Kwa miaka mingi watu wa Tanga na watu wa Mombasa walipita Horohoro na Lunga Lunga kwa biashara zao, na nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shilingi moja. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hata mwaka wa 1983. Miaka ile haja za watu hazikufungwa pamoja na mpaka. Waliohitaji sabuni na nguo waliendelea kuzihitaji, na waliokuwa na mahindi na ng'ombe waliendelea kuwa nazo. Biashara ikageuka magendo. Bei ikapanda, maana mnunuzi alilipa thamani ya kitu na thamani ya hofu ya aliyekileta. Serikali ilikosa ushuru, mwuzaji mwaminifu alikosa kazi, na aliyepata ni mtu wa usiku. Jumuiya ilipoanzishwa tena, na umoja wa forodha ukaanza mwaka wa 2005, maofisa wa nchi mbili wakawekwa pamoja Horohoro, ili mwenye mzigo asikaguliwe mara mbili. Hii ni akili ile ile ya kale: mlango mmoja, na watu wa pande mbili wamekaa mlangoni kwa amani.

Liko neno moja la Kiswahili ambalo lenyewe ni historia. Zamani za misafara, hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi: mgeni alitoa nguo kadha wa kadha, akapewa njia, na maji, na ulinzi. Leo hongo ni nini? Sote twajua. Neno halikubadilika herufi hata moja, bali maana yake ilioza, kwa sababu wenye kupokea waliendelea kupokea na wakaacha kutoa ulinzi. Ushuru ulio na huduma hujenga mji wa mpakani. Ushuru usio na huduma huwafundisha wasafiri njia nyingine.

Basi ndugu zetu wa Korogwe na Handeni, habari hizi si za wafalme na reli peke yake. Kila kijiji chetu kina mpaka wake: palipo na kivuko, palipo na gulio, palipo na mnada wa ng'ombe ambapo Mzigua na Mmasai hukutana. Mara nyingi twasikia wakulima na wafugaji wakigombana kwa ajili ya shamba lililoliwa na kisima kilichochafuliwa. Ugomvi huo hauna budi kuamuliwa kwa haki. Lakini kila upande ukumbuke ya kuwa mwenzake ndiye mnunuzi wake. Mwenye mahindi hahitaji kumwuzia mwenye mahindi. Kumfukuza mtu aliye na kitu usichokuwa nacho ni kukata mkono wako mmoja.

Tena tutunze ghala zetu, tusifike sokoni mikono mitupu kama babu zetu wa mwaka wa njaa. Tusitegemee mnunuzi mmoja wala zao moja. Na mizani zetu ziwe za haki, maana mgeni aliyepunjwa Korogwe hanyamazi akifika Mombo. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mathayo aliondoka mezani pake kule Kapernaumu alipoitwa, na Zakayo wa Yeriko aliwarudishia watu mara nne alichowatoza kwa hila. Wote wawili walikuwa watu wa meza na mizani, nao walifahamu, kabla hawajachelewa, ya kuwa aketiye njiani ameketi mbele ya Mungu na mbele ya watu wa pande zote mbili.